Jiwe Ndani ya Jiko

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya Idd, Jumatatu tarehe 31 Machi, baada ya swala ya adhuhuri, nilipoteza banda langu la jiko. Liliteketea lote: makuti, fito, kichanja cha vyombo, magunia mawili ya makaa, sufuria kubwa tatu, karai la mahamri na kibao cha kusukumia. Nyumba haikuguswa. Mtu hakuguswa. Pilau ilikuwa inapaliwa makaa, cheche ikaruka kutoka kwenye mafiga ikashika kuti, na mpaka binti yangu Fauzia anafika na ndoo ya pili hapakuwa na cha kuokoa.

Naandika kwa sababu tangu juzi watu wanakuja kunipa pole, na kila mmoja ana simulizi yake ya moto ulivyoanza, hata wasiokuwepo. Yangu nikiiandika haitabadilika.

Ijumaa, 4 Aprili

Shemeji yangu Kheri alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, Salimu, na ni fundi wa kujenga; nusu ya kuta za nyumba za wageni huko Diani zimepita mikononi mwake.

"Shemeji, sasa mafiga basi. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Nataka jiko la kujengea, la kuni, lenye bomba. Na paa la bati."

"La bomba! Kama la Wazungu?"

"Kama la Sidi."

Sidi ni mama wa Samburu anayefundisha vikundi vya akina mama kujenga majiko. Mwaka jana alikuja hapa kwetu Bongwe siku mbili, na mimi nilihudhuria zote mbili.

Mavyaa yangu, Bi Mwanaima, mamake Kheri, alikuwa mkekani anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso: "Nyumba yenye bomba. Abiria watapanga foleni hapo nje wadhani ni treni."

Kheri akacheka, akasema ninunue vifaa tu, mkono wake ni bure. "Hii ni nyumba ya ndugu yangu."

Niliitika ahsante. Lakini nyumba ya ndugu yake ilikuwa vyumba viwili vya udongo. Hivi vitatu vya mawe nimevijenga mimi, kwa mahamri mia na ishirini kwa siku na mbaazi za nazi, kwa miaka sita tangu Salimu afariki. Eda yangu ilipokwisha, wakubwa wa ukoo walikaa wakaona ni vyema Kheri anioe, niwe mke wa pili, mali na mtoto visitoke nje. Nilisema nashukuru, sitaki. Kheri hakusema kitu siku ile, na hajasema mpaka leo. Nimemhesabia hilo kuwa ni adabu.

Jumatatu, 7 Aprili

Matofali yamefika kwa lori. Ni ya udongo, ya kuchoma, kwa sababu Sidi alisisitiza: moto uguse tofali la kuchoma peke yake. Hakueleza kwa nini, wala sisi hatukuuliza. Pia alisema: matofali yashikane kwa udongo wa kichuguu na mchanga wa mtoni, si wa baharini, bomba lipite juu ya paa kiasi cha mkono mzima, jiko likauke wiki tatu kabla ya kupikia. Matofali ya kuchoma hayapatikani hapa kirahisi. Huku kwetu kila mtu anajenga kwa mawe ya kukatwa, yale ya matumbawe ya Tiwi, na nyumba yangu ni hayo hayo. Niliagiza matofali tisini. Niliyahesabu yakishushwa: matatu yamevunjika.

Nilimwambia Kheri yote aliyosema Sidi. Akanitazama kama mtu anayefundishwa kutembea.

"Shemeji, mimi nimeshika mwiko wewe hujaolewa."

Jumatano, 9 Aprili

Ujenzi umeanza. Kheri hapendi mtu asimame nyuma yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Napikia barazani kwa majiko mawili madogo ya makaa. Mahamri sabini tu leo, na kumi yameungua. Mwalimu mmoja wa shule ya karibu ameniuliza kama nimebadilisha mapishi. Nimemwambia nimebadilisha jiko, si mapishi.

Jumamosi, 12 Aprili

Limekwisha, na limependeza, lazima niseme. Liko kama sanduku kubwa lililoegemea ukuta. Mbele lina mlango wa kuni, chini yake mlango mdogo wa majivu, juu matundu mawili ya sufuria, na nyuma bomba la bati linalopanda mpaka nje. Uso wote wa mbele ni tofali jekundu. Ndani kumekandikwa udongo laini kama chungu kipya. Niliingiza mkono nikazungusha, sikukuta hata ukingo mmoja.

"Matofali yalitosha?" nikamwuliza Kheri.

"Yametosha, yamebaki vipande. Mengi yalikuwa mabovu, yakikatwa yanapasuka."

Mimi nilihesabu matatu mabovu. Nikamshukuru, mtu amefanya kazi siku nne bila malipo.

Mavyaa alilizunguka mara mbili. "Haya, tiketi iko wapi?"

Jumapili, 20 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Bati jipya lina kelele, lakini chini ni pakavu.

Alhamisi, 24 Aprili

Wazee wa Issa wamekuja kutoka Tiwi. Issa ni mpishi katika hoteli moja huko Diani, kijana mpole, anamwangalia Fauzia kama mtu aliyeagizwa asimwangalie. Nikahi itakuwa Jumapili tarehe 15 Juni, baada ya Idd kubwa. Babake Fauzia hayupo, kwa hiyo walii ni Kheri, ami yake. Yeye ndiye atakayetia mkono wake katika mkono wa Issa na kutamka.

Kheri alizungumza na wageni vizuri mno. Alikaa kama Salimu alivyokuwa akikaa, goti moja juu. Nilijiona mdogo kwa yale ya matofali.

Jumamosi, 3 Mei

Wiki tatu zimetimia. Alfajiri nimewasha kimoto kidogo cha vijiti, kama Sidi alivyosema, nikakiacha kife. Jioni kingine. Moshi wote umepita bombani. Fauzia alitoka nje kuangalia, akarudi anapiga makofi: "Mama, unatoka juu kweli!"

Jumanne, 6 Mei

Mahamri mia na ishirini na sufuria ya mbaazi, na macho yangu hayajatoa chozi hata moja. Miaka sita nimekuwa nikilia kila asubuhi bila msiba.

Alhamisi, 8 Mei

Mzigo wa kuni niliokuwa nikiumaliza kwa siku mbili sasa unakwenda siku nne na asubuhi ya tano. Natumia mvinje, unawaka mkali na ndani ya jiko unanguruma. Ukitazama mlangoni, pale panapokutana moto na ukuta ni pekundu mpaka peupe. Nimempelekea Kheri mahamri ishirini nyumbani kwake, na salamu.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Jiko limeanza kurudisha moshi ndani. Nimemgombeza Fauzia kwa kuni mbichi na kwa kutosafisha bomba. Akasema bomba amelisafisha Jumapili, tena masizi yalijaa ndoo nusu. Nikamwambia asinijibu. Baadaye nikapanda mwenyewe kwenye ngazi nikatazama: bomba ni safi. Sikumwambia.

Ijumaa, 16 Mei

Kuna ufa. Umeanzia kwenye mlango wa kuni, umepanda mpaka tundu la kwanza, na moshi unatokea hapo. Udongo wa ndani umebanduka sehemu kubwa kama mkono wangu na unaanguka ndani ya majivu. Nimempigia Kheri. Anasema jiko jipya hutulia, ni kawaida, atakuja kesho.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda Ukunda kununua unga, maana duka la Bongwe limepandisha bei mara ya pili mwezi huu. Niliporudi Kheri alishakuja, ameziba, amekunywa chai, ameondoka. Ufa umekandikwa vizuri. Mavyaa alikuwa amejilaza, nikamwuliza Kheri amesemaje. "Amesema limekaa sawa." Akageukia ukutani.

Jumanne, 20 Mei

Maji yanaingia pale bomba linapotoboa bati. Yanateremka kwa nje ya bomba, yananywewa na ukuta wa jiko. Nimefunga kipande cha mpira wa tairi kulizunguka bomba. Kimepunguza, hakikuzuia.

Jumapili, 25 Mei

Jumapili sipiki, stendi ninapouzia haina watu. Fauzia anajaribu nguo na mavyaa anamsifu kila nguo, hata ile ambayo haijakatwa.

Jumatatu, 26 Mei

Majivu yamekuwa meupe mno na mengi kuliko kuni. Nimeyapeleka kwenye mchicha. Mvinje hutoa majivu meupe, nadhani ndiyo hayo.

Alhamisi, 29 Mei

Mchicha uliopata yale majivu umeungua.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua tangu jana adhuhuri haijapumua. Nimepika asubuhi, nikauza nusu, jiko likazimwa saa mbili. Jioni ule mpira wa bomba umeng'oka na upepo, na bomba limeachia kwenye kiungo. Maji yanashuka ndani ya bomba sasa, si nje. Kesho ni Jumapili, nitamwita mtu apande.

Jumatatu, 2 Juni. Msambweni

Naandika ukumbini mwa hospitali, nyuma ya kadi ya mtu mwingine, nitainakili nyumbani.

Jana Jumapili, saa nne asubuhi, Fauzia alikwenda jikoni kuchukua sinia. Akaniita.

"Mama, hili jiko umelitia moto?"

"Leo Jumapili, moto wa nini?"

"Njoo uguse."

Niligusa. Lilikuwa la moto kama birika. Jiko lililozimwa jana yake saa mbili asubuhi, lililonyeshewa usiku kucha. Kwenye mlango wa majivu mvuke ulikuwa unatoka, si moshi, mvuke mweupe usio na harufu ya kuni. Nilifungua mlango wa kuni: ndani hamna kaa hata moja. Palikuwa na maji yanatiririka kutoka bombani, na yakifika ukutani yanafoka.

Mavyaa alisimama mlangoni ameshika ukuta.

Mimi ndiye niliyesema, "Chokora uone kuna nini." Fauzia akachukua kile chuma chetu cha kuni, akainama, akachokora ukuta wa ndani mara moja. Ukuta uliporomoka. Kipande kikubwa kilipasuka ndani ya yale maji kwa mlio kama wa chungu kikivunjika, na uji mweupe wa moto ukamrukia usoni na kwenye mkono wa kulia.

Sikumbuki kelele zake. Nakumbuka nilimshika kisogoni nikamwingiza chini ya mfereji, nikamfungua jicho kwa vidole vyangu na maji yakawa yanapita. Alikuwa ananisukuma. Nilikuwa na nguvu zaidi. Mavyaa alikuwa nyuma yangu anasema neno moja tu, "Zaidi. Zaidi. Usitoe. Zaidi." Tulimaliza tangi la juu. Ndipo jirani yetu Kibwana akatuleta huku kwa gari lake.

Daktari, binti mdogo anayeongea taratibu, aliniuliza nini kilichomwingia. Nikasema majivu ya jiko. Akasema, "Mama, majivu hayafanyi hivi." Akasema yale maji ndiyo yaliyookoa kilichookoka. Jicho la kulia limesalimika. La kushoto lina utando mbele. Mkono utapona na kovu.

Fauzia ameniuliza kitu kimoja tu: leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima mpaka kumi na tano.

Jumatano, 4 Juni

Amelazwa bado. Nilirudi nyumbani asubuhi, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi na miwani ya jua, nikalibomoa jiko mwenyewe.

Tofali la kuchoma ni safu moja tu, ile ya mbele na pembeni, ile inayoonekana. Nimeyahesabu: thelathini na nane. Ndani yake, kote moto unapogusa, ni mawe ya matumbawe. Vipande vya mawe ya kukatwa, vya mabaki, vimepangwa vizuri na kukandikwa udongo juu.

Nilichukua kipande kimoja kutoka sehemu ya nyuma, pakavu. Kimekuwa chepesi, cheupe, kinaacha unga. Nilikiweka kwenye kopo la bati nikamimina maji nikasogea. Kwanza kilikaa kimya kama jiwe lolote. Kisha kikafoka, kikapasuka, kikavimba, na kopo likawa halishikiki.

Chokaa. Hakuna mtu wa pwani asiyeijua. Nyumba yangu imepakwa. Jiwe la matumbawe ukilichoma kwa moto mkali siku nyingi linakuwa chokaa mbichi, na chokaa mbichi ikipata maji inachemka yenyewe. Kila asubuhi, kwa mwezi mzima, nilikuwa nachoma chokaa chini ya mbaazi. Yale majivu meupe niliyoyamwagia mchicha hayakuwa majivu.

Niandike haki ya kila mtu. Jiwe lile ndilo lililojenga nyumba yangu, nalilalia na kuliegemea. Hata kama ningemwona Kheri analipanga ndani ya jiko, sidhani ningeshtuka. Sidi alisema tofali la kuchoma peke yake, nami nilidhani ni kwa uzuri tu au kwa kushika joto. Mwashi wa bara angefanya kosa hili kwa kutojua.

Lakini baba mkwe wangu, marehemu Mzee Waziri, alikuwa mchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa huko nyuma ya Tiwi, na waliompangia mawe ndani ya tanuri tangu wakiwa wadogo walikuwa wanawe wawili, Salimu na Kheri.

Matofali arubaini na tisa mazima hayapo. Sijui yako wapi.

Alhamisi, 5 Juni

Kheri hajaja hospitali. Ametuma ujumbe: "Poleni sana. Ni kadari ya Mungu. Tumwombee."

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Fauzia ametolewa. Issa alikuja na sinia la biryani alilolipika mwenyewe, akakaa mbali kwa adabu.

"Pole na jicho," akamwambia.

"Sasa nakuona nusu tu."

"Ile nusu mbaya au nzuri?"

"Bado nachagua."

Mavyaa alicheka mpaka akafuta macho, kisha hakuacha kuyafuta.

Jumatatu, 9 Juni

Baada ya alasiri mavyaa aliniita chumbani kwake. Kwa kawaida ananiita kutoka alipo kwa sauti ya kufika barabarani. Leo alimtuma Fauzia.

"Kaa, mama Fauzia."

"Nimekaa, mama."

"Siku ile Kheri alipokuja kuziba ufa, wewe ulikuwa Ukunda."

"Ndiyo, nilifuata unga."

"Mimi nilikuwa hapo mlangoni na kibao changu. Aliingiza mkono ndani ya jiko, akabandua, akatoa konzi ya kitu cheupe. Akakitazama. Nami nikamwona anavyokitazama. Halafu akaniambia, mama, nipe mafuta ya nazi. Nikampa chupa. Akajipaka mikono mpaka viwikoni, akafuta kwa tambara, akajipaka tena, akafuta. Ndipo akanawa."

Akaonyesha kwa viganja vyake, akaendelea.

"Babake alifanya hivyo kila jioni akitoka tanurini, miaka yote niliyokaa naye. Mafuta kwanza, maji baadaye. Ukianza na maji, ngozi inakwenda."

"Alisema nini?"

"Alisema limekaa sawa, mama. Akaziba. Akanywa chai, vikombe viwili. Akaenda zake."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua mafuta. Zaidi ya hapo sikutaka kujua. Ni mwanangu, Twaiba."

Hajawahi kuniita jina langu katika miaka ishirini na nne.

"Basi mbona unaniambia leo?"

"Leo asubuhi Fauzia alinimiminia chai. Akaimimina kando ya kikombe, kwenye mkeka, na huku anatabasamu anadhani kikombe kinajaa."

Miaka yote hii nilimwona mama huyu kama jicho la ukoo lililowekwa nyumbani kwangu kunichunga. Huenda alikuwa hilo kweli. Leo amemshitaki mwanawe kwa mkaza mwana. Nilimshika miguu, kisha nikaenda kuinjika chai.

Jumanne, 10 Juni

Nilimweleza Fauzia yote. Nilidhani atalia, akaniuliza maswali kama karani.

"Kwa hiyo alipojenga, hujui kama alijua."

"Sijui. Labda matofali yangu alikuwa na kazi nayo kwingine, akajaza alichokuwa nacho. Labda alidhani moto wa jikoni hautafika moto wa tanuri."

"Au labda ni kwa sababu ulimkataa."

Sikujua kwamba analijua hilo. Kumbe watoto hulelewa na masikio yao wenyewe.

"Hilo siwezi kulipima," nikamwambia. "Naweza kupima tarehe kumi na saba Mei tu. Siku hiyo alijua. Zilibaki siku kumi na tano. Neno moja lingetosha, msitie maji, au jiko hili msilipikie. Angeweza hata kutuma mtoto."

"Alinyamaza kwa sababu angesema, ungemwuliza matofali yako wapi."

"Naona hivyo."

"Kwa hiyo jicho langu ni bei ya matofali arubaini na tisa."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma mizani. Mimi ndiye mwenye hesabu katika nyumba hii, na hiyo sikuwa nimeifikia.

Nilimwuliza kama anataka nikahi iahirishwe. Hataki. Nilimwuliza kama anataka ami yake awe walii wake.

"Akija akasema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele yangu, nitamkubali. Asiposema, sitaki mkono ule ukabidhi wangu."

Jioni nilikwenda kwa imamu. Amesema ami huyu akijitoa au asipopatikana, ami mwingine wa upande wa baba anashika. Yupo Mbwana, kaka yao wa baba mmoja, anayefuga ng'ombe huko Samburu. Nimempigia. Mbwana si mtu wa maneno: "Nitakuwa Bongwe Jumamosi. Mtaniambia nikae mkekani au nile pilau tu."

Jumatano, 11 Juni

Mvua imekatika. Napikia barazani kwa makaa tena. Mahamri sitini na tano.

Kheri hapokei simu. Mkewe anasema yuko kazini Diani, anarudi usiku. Kwa hiyo nimemwandikia. Ninaweka hapa neno kwa neno kama nilivyotuma, saa tatu na nusu asubuhi, na alama zinaonyesha ameusoma:

"Shemeji Kheri, asalaam aleikum. Fauzia yuko nyumbani. Jicho la kushoto halitarudi kama lilivyokuwa. Jiko nimelibomoa mwenyewe na mawe nimeyaona.

Sikuulizi matofali yangu yako wapi. Sikuulizi ulipojenga ulifikiri nini, wala sitaki tuyafufue ya zamani. Nakuuliza jambo moja. Tarehe 17 Mei ulishika chokaa mbichi mkononi mwako, ndani ya jiko ambalo mtoto wa ndugu yako analipikia, na masika yako juu ya paa. Ulijua kwamba siku maji yatakapoingia, litamchoma atakayekuwa mbele yake?

Usinijibu kadari. Kadari naiamini kama wewe, na si yenye kuulizwa. Usinijibu pole, nimepokea nyingi. Usimtume mkeo, usimtume mzee wa msikiti, na usimpigie mama yako, kwa sababu atakuwa amekaa pembeni yangu.

Ukija ukasema ndiyo mbele ya Fauzia, utamwozesha Jumapili. Hilo ni neno lake, si langu, mimi nisingekupa. Ukija ukasema la, utalisema ukimtazama mama yako. Usipokuja, Mbwana atakaa mahali pako, na watu wakiuliza kwa nini, nitawajibu.

Keshokutwa Ijumaa, tarehe 13, kabla ya adhana ya adhuhuri. Tutakuwa barazani watatu. Ulijua, ndiyo au la?"